Bakteria walinzi wa uke: namna ya kuwatunza na la kufanya wanapopungua

Ingia duka lolote kubwa la vipodozi utakuta rafu nzima ya bidhaa za ukeni: sabuni maalumu, marashi ya kupulizia, vidonge vya kubana, lulu za kuingiza ndani eti zikatoe uchafu. Zote zinauzwa kwa hoja moja, kwamba uke ni mchafu na unahitaji kusafishwa. Hoja hiyo ni ya uongo. Uke wenye afya ni mchachu, umejaa bakteria, na hao bakteria ndio wanaoulinda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kuacha. Ya kufanya ni machache, na mengi hayagharimu hata shilingi.

Kwanza, ujue kinachoendelea humo ndani

Bakteria wetu wanaitwa laktobasili. Albert Döderlein, daktari Mjerumani, aliwaeleza mwaka 1892, na kwa miaka mingi vitabu vya udaktari viliwaita kwa jina lake. Jamaa zao wa karibu ndio wanaogandisha maziwa, na kazi ni ileile: wanakula sukari, wanatoa asidi laktiki. Sukari ya ukeni haitokani na soda uliyokunywa jana. Homoni ya estrojeni hufanya seli za ukuta wa uke ziweke akiba ya glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa. Seli zikichakaa zinabanduka, glikojeni inavunjwa vipande vidogo, na laktobasili wanapata chakula. Asidi wanayotoa hushusha pH ya uke (kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi) hadi kati ya 3.8 na 4.5. Katika uchachu huo vijidudu vingi vya maradhi havistawi, na hata virusi vya Ukimwi hupata shida.

Ukielewa habari ya estrojeni, mengi yanaeleweka. Mtoto wa kike ambaye hajabalehe ana laktobasili wachache. Mama aliyekoma hedhi, vivyo hivyo. Katikati ya umri huo ndipo wanapotawala, na ni jambo la binadamu hasa: wanyama wengine wanaonyonyesha hawana laktobasili wengi kiasi hiki.

Wala hawalingani kwa ulinzi. *Lactobacillus crispatus* ndiye mlinzi hodari. *Lactobacillus iners* ni kigeugeu. Yupo wakati wa amani, na mambo yakiharibika anakaa vizuri tu na hao waharibifu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliopima wanawake 396 wasio na dalili zozote, uliwagawa katika makundi matano. Manne yalitawaliwa na aina fulani ya laktobasili. La tano lilikuwa mchanganyiko, laktobasili wachache na bakteria wengine wengi, na humo wanawake wenye asili ya Afrika na wa Kilatino walikuwa wengi kuliko wengine. Nalitaja hili kwa sababu kuwa na laktobasili wachache peke yake hakumaanishi unaumwa, hata kama kunaongeza uwezekano wa kupata matatizo. Kama huna dalili, usianze kujitibu.

Hatua ya 1: Ujue ute wako wa kawaida

Kwa mizunguko miwili au mitatu ya hedhi, angalia tu. Siku chache baada ya hedhi ute ni mchache. Karibu na yai kupevuka unakuwa mwingi, wa kuteleza, unavutika kati ya vidole. Baadaye unakuwa mzito, mweupe au wa rangi ya krimu, na ukikauka kwenye chupi unaacha alama ya manjano hafifu. Harufu yake ni ya uchachu kidogo. Wakati wa ujauzito unaongezeka, na wanaotumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango wanaweza kuuona ukibadilika.

Na ile chupi nyeusi inayopauka hapo katikati mpaka ukadhani una ugonjwa? Ni tindikali ya ute imeula rangi. Ni dalili njema, ingawa chupi ndiyo imeharibika.

Mwanamke anayejua ute wake wa kawaida hatishwi na matangazo, na tatizo likija kweli analishtukia mapema.

Hatua ya 2: Acha kuingiza vitu ndani

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu tunapambana na mazoea ya miaka na wakati mwingine na mafunzo ya watu tunaowaheshimu. Orodha ni ndefu: maji na kidole, sabuni ya kufulia, Dettol, ndimu, siki, shabu, ugoro, asali, mdalasini, kitunguu saumu, dawa za kienyeji za kukausha, vitambaa vya kufutia ndani. Somo au kungwi anaweza kukufundisha mengi ya maana kuhusu ndoa na mwili wako. Hili la kuingiza kidole ndani kusafisha, mheshimu lakini usilifuate.

Wengi wakisikia hivyo husema, "Sawa, sabuni nitaacha, nitatumia maji tu." Bahati mbaya, maji tu nayo yamo. Mjini Mombasa watafiti walifuatilia wanawake zaidi ya 1,000 kwa muda wa miaka kumi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliokuwa wakijiosha ndani walipata maambukizi ya Ukimwi kwa kiwango kikubwa kuliko wasiojiosha, wa maji na wa sabuni pia. Kujiosha ndani kunaondoa ute, kunawatoa laktobasili na asidi yao, na nafasi inabaki wazi. Sabuni inazidisha, maana ni alkali, yaani kinyume cha uchachu, na ngozi ya ndani ni laini, inachubuka upesi.

Ndimu na siki zina utetezi wake: "Si umesema uke unataka uchachu?" Uchachu unaotakiwa ni ule unaotengenezwa mfululizo na bakteria walio hai, usiku na mchana. Ndimu inaunguza seli kwa dakika kadhaa, kisha inapita, na bakteria haikuleta hata mmoja. Shabu na ugoro vinakausha. Ukavu huo ambao baadhi ya wanaume wanaupenda ni michubuko wakati wa tendo, na michubuko ni njia ya maambukizi. Kama ni mume anayekutuma ukabanie, mazungumzo yanayohitajika ni kati yenu wawili, dukani hayapo.

Kitunguu saumu kina jambo lake pia. Kinaua vijidudu kwenye bakuli la maabara. Ukeni kinaweza kuunguza vibaya, na punje iliyosahaulika huko inakupeleka hospitali kwa aibu kubwa.

Kujifukiza udi nguo na mwili ni mila nzuri ya Pwani. Kuchuchumaa juu ya chungu cha mvuke wa moto ili uingie ukeni ni jambo jingine: hausafishi chochote, na ngozi inaungua.

Hatua ya 3: Osha nje, basi

Maji safi mara moja au mbili kwa siku yanatosha. Ukitaka sabuni, iwe isiyo na manukato, nayo iishie kwenye mashavu ya nje na kinena. Ukichamba, mkono utoke mbele kwenda nyuma ili bakteria wa haja kubwa wasiletwe mbele. Kausha. Vaa chupi ya pamba, hasa kwenye joto la mwambao, na usiku ukiweza lala bila chupi. Pedi nyembamba za kila siku zenye manukato siziungi mkono. Zinafungia unyevunyevu na wengine zinawawasha.

Hatua ya 4: Siku za hedhi na baada ya tendo la ndoa

Damu ina pH ya karibu 7.4. Shahawa nazo ni za alkali, 7.2 hadi 8. Zote mbili hupunguza uchachu kwa muda, na laktobasili wakiwa wengi wanaurudisha wenyewe. Ukisikia harufu ya shombo mara tu baada ya tendo au mwishoni mwa hedhi, kisha ikarudi kila mara, tutaieleza katika hatua inayofuata, kwa sababu haitokei bure.

Badilisha pedi kila baada ya saa nne hadi sita. Kitambaa kinafaa vilevile kama kinafuliwa vizuri na kuanikwa juani. Kukificha chini ya godoro kikauke gizani ndilo kosa, na ni kosa la aibu tuliyofundishwa. Vikombe vya hedhi vinastahili kufikiriwa: wasichana wa shule za sekondari magharibi mwa Kenya waliopewa vikombe walionekana kuwa na vajinosisi (hali ya laktobasili kupungua na bakteria wengine kuzidi) pungufu na *crispatus* wengi zaidi kuliko wenzao wasiopewa, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2023. Kichemshe kati ya hedhi moja na nyingine, na nawa mikono kabla ya kukigusa.

Kondomu huzuia shahawa zisibadilishe uchachu, na inakinga magonjwa. Tohara ya mwanamume nayo ina habari njema: katika jaribio lililofanyika Rakai, Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa walipata vajinosisi kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 40. Baada ya tendo nenda haja ndogo, osha nje, ulale.

Hatua ya 5: Mambo yakibadilika, tofautisha kabla ya kununua dawa

Siku hizi kila kitu kinachotokea chini ya kitovu kinaitwa UTI. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: kuungua wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo kila mara. Majimaji, muwasho na harufu ukeni ni habari nyingine, na mara nyingi ni mojawapo ya hizi tatu.

*Vajinosisi ya bakteria.* Hapa laktobasili wamepungua na bakteria kama *Gardnerella* na *Prevotella* wameongezeka. Majimaji ni mepesi, meupe au ya kijivu, yamepaka ukuta wa uke sawasawa. Harufu ni ya shombo, na inazidi baada ya tendo au wakati wa hedhi, kwa sababu alkali ya shahawa na damu inazirusha hewani zile kemikali zenye harufu. Kwa kawaida haiwashi sana. Wanawake wengi hawaoni dalili kabisa. Si matokeo ya uchafu. Kinyume chake, wanaojiosha ndani kupita kiasi wanaipata zaidi. Wakisikia shombo wanaongeza kuosha, shombo linaongezeka.

*Fangasi.* Huyu ni kandida, na anaweza kukaa na laktobasili bila tatizo, kwa maana hata uchachu ukiwa mzuri bado anaweza kukusumbua. Muwasho ni mkali, mashavu ya uke yanakuwa mekundu na kuvimba, ute ni mweupe mzito wa mabongemabonge, na harufu hakuna au ni kidogo. Mara nyingi hutokea baada ya kumeza antibiotiki kwa ugonjwa mwingine, wakati wa ujauzito, au kwa mwenye kisukari.

*Trikomonasi.* Kimelea hiki huambukizwa kwa ngono. Majimaji ni ya manjano au kijani, pengine yana povu, harufu ipo, muwasho upo, na kukojoa kunaweza kuuma. Mwenza lazima atibiwe naye, hata kama haoni kitu.

Kwa macho na pua huwezi kuwa na uhakika. Kisonono na klamidia huweza kujificha ndani ya dalili hizihizi, au zisioneshe dalili yoyote.

Hatua ya 6: Ukifika kituoni

Siku moja au mbili kabla, usitumie dawa ya kuingiza ukeni na usishiriki tendo. Na kujiosha ndani ulishaacha. Mweleze mhudumu ukweli: rangi, harufu, ilianza lini, inazidi lini, dawa ulizokwisha meza, una mimba au la. Kama mhudumu ni mwanamume na huwezi kuzungumza, una haki ya kuomba muuguzi wa kike.

Kisha uliza: "Nitapimwa, au natibiwa kwa dalili?" Kupima vajinosisi si jambo kubwa. Vigezo vinavyotumika tangu mwaka 1983 ni vinne: majimaji mepesi yaliyosambaa sawasawa, pH kupita 4.5, shombo linalotoka sampuli ikidondoshewa potasi haidroksidi, na chembe za ukuta wa uke zilizofunikwa na bakteria zinapotazamwa kwa darubini. Vikitimia vitatu, jibu limepatikana. Kipande cha karatasi ya pH peke yake kinasaidia, maana kwa fangasi pH kwa kawaida haipandi.

Zahanati nyingi hazina darubini na hutibu kwa dalili, na utaratibu huo unakubalika. Ila ujue umepewa nini na kwa ajili ya nini. Kutoka na mfuko wa dawa tano zisizoelezwa, pamoja na sindano, kwa ugonjwa ulioandikwa "UTI sugu", si tiba ninayoweza kuisifu.

Hatua ya 7: Tibu kinachotakiwa kutibiwa

Kwa vajinosisi, dawa ya kawaida ni metronidazoli, miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ilichaguliwa kwa sababu nzuri: inawapiga wale waharibifu na kuwagusa kidogo sana laktobasili. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma na tumbo linaweza kuchafuka. Meza pamoja na chakula. Maliza siku zote saba hata shombo likiisha siku ya tatu. Badala yake kuna jeli ya metronidazoli au krimu ya klindamaisini ya kuingiza ukeni. Krimu hiyo ina mafuta yanayodhoofisha kondomu za mpira, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi.

Kwa fangasi, kuna vidonge vya klotrimazoli vya kuingiza ukeni, au flukonazoli ya kumeza, miligramu 150 mara moja. Mjamzito asimeze flukonazoli; atumie klotrimazoli ya ukeni kwa siku 7. Ikiwa fangasi inakurudia mara tatu au nne kwa mwaka, pima sukari na pima Ukimwi kabla ya kununua tube nyingine.

Sasa, kwa nini vajinosisi inarudi? Kwa zaidi ya nusu ya waliotibiwa inarudi ndani ya mwaka. Kwa miongo mingi wanawake waliambiwa kwamba mwanamume hahusiki. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2025 limebadilisha mazungumzo hayo. Wanandoa na wapenzi wasiotoka nje waligawanywa: upande mmoja alitibiwa mwanamke peke yake, upande wa pili mwanamume naye akapewa metronidazoli ya kumeza pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, kwa siku 7. Katika wiki 12, vajinosisi iliwarudia asilimia 63 ya wanawake waliotibiwa peke yao, na asilimia 35 ya wale ambao wenza wao walitibiwa. Mwongozo wa kituo chako huenda haujafika huko, lakini kama hii ni mara ya tatu na una mwenza mmoja, muulize daktari kuhusu kumtibu. Mwambie na mzee wa nyumbani kwamba si tuhuma ya uzinzi. Bakteria hawa hukaa kwenye ngozi ya uume na chini ya govi bila kumsumbua mwenyewe.

Hatua ya 8: Kuwarudisha walinzi

Hapa mtindi unaingia, na kwa kweli unasifiwa kupita uwezo wake. Bakteria wa mtindi wa dukani kwa kawaida ni *bulgaricus* na *Streptococcus thermophilus*. Wanagandisha maziwa vizuri sana, ila ukeni si kwao na hawaweki makazi. Kunywa maziwa mgando, au maziwa lala kama uko Kenya, kwa afya na kwa utamu wake. Kuyapaka au kuyaingiza ukeni ni kujiletea sukari na vijidudu visivyojulikana.

Vidonge vya probiotiki vya madukani, yaani vya bakteria hai, vina aina nyingi, na vingi havina *crispatus*. Ushahidi kwamba vinazuia vajinosisi ni dhaifu, wakati bei yake si dhaifu hata kidogo. Kilichoonesha matumaini ni unga wa *crispatus* halisi wa kuingizwa ukeni baada ya metronidazoli. Jaribio la wanawake 228 nchini Marekani, mwaka 2020, lilionesha vajinosisi ikirudi kwa asilimia 30 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 45 ya waliopewa unga mtupu. Ukiambiwa na muuzaji wa mtandaoni kwamba anao, mwombe akuoneshe usajili wa mamlaka ya dawa ya nchi yako.

Kwa hiyo baada ya dozi kilichobaki ni subira: wiki kadhaa za kondomu, kutoingiza kitu ndani, na kutomeza antibiotiki kwa kila mafua.

Wenye hali ya pekee, na wasiotakiwa kusubiri

Mjamzito mwenye shombo au majimaji yaliyobadilika aende kliniki mapema, kwa sababu vajinosisi inahusishwa na uchungu kabla ya wakati. Metronidazoli inaweza kutumika kwa ushauri wa mhudumu. Mama aliyekoma hedhi mwenye ukavu, muwasho na maumivu wakati wa tendo huenda hana ugonjwa wa kuambukiza kabisa. Estrojeni imeshuka, glikojeni imepungua, laktobasili wamekosa chakula. Aombe kuzungumza na daktari wa wanawake kuhusu krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, badala ya kununua dawa ya fangasi kila mwezi.

Usisubiri, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona maumivu ya chini ya tumbo pamoja na homa, damu isiyo ya hedhi au inayotoka baada ya tendo, vidonda au malengelenge ukeni, au maji yanayotiririka ukiwa mjamzito. Damu baada ya tendo, hasa kwa aliyevuka miaka 30, aombe na kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi wakati uleule.